Ujasiriamali Huanza na Hesabu

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya Mbagala, Tandika au Tandale atawakuta watoto walioanza kuijua biashara kabla ya kuijua jedwali la kuzidisha. Alfajiri wamemsaidia mama kukaanga maandazi. Jioni watakaa gengeni kuuza nyanya na mkaa. Katika Temeke na Kinondoni, nyumba nyingi hupata chakula, sare na madaftari kwa kazi za namna hiyo. Kazi hizo hazikuheshimiwa daima. Chini ya Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, wachuuzi wengi wa Dar es Salaam walihesabiwa kuwa wazururaji. Mwishoni mwa mwaka 2018 Serikali ilianza kuwagawia wafanyabiashara wadogo vitambulisho.

Je, shule isaidieje? Wako walimu wanaodhani kwamba kumpa mwanafunzi beseni la karanga auze wakati wa mapumziko ni kumfunza ujasiriamali. Mimi sikubaliani nao. Kosa hili tulikwisha kulifanya. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea ulitaka wanafunzi washiriki kuamua matumizi ya mapato ya kazi yao. Lakini aghalabu mtoto alishika jembe tu, asijue mavuno yaliuzwa kwa bei gani wala fedha zilikwenda wapi. Huyo alifanyishwa kazi, hakufunzwa kujitegemea.

Mahali pa kuanzia ni somo la hesabu. Tuseme mama ametumia shilingi 12,000 kwa unga, sukari, mafuta na mkaa, akapika maandazi ya shilingi 16,000. Nyumbani yameliwa ya 1,000. Majirani wamekopa ya 2,500. Jioni mkononi zimo 12,500. Mtoto huziona zote kuwa faida, kumbe ukiondoa gharama zimebaki 500 tu. Kikinunuliwa kitoweo cha 3,000, mtaji umekwisha kuguswa, na kesho unga utapungua. Biashara nyingi hufa hivyo, ilhali wateja wapo.

Basi darasa la tano lichore daftari lenye safu nne: kilichonunuliwa, kilichouzwa, kilicholiwa na kilichokopwa. Wanafunzi wajadili: tukopeshe hadi kiasi gani? Tuweke akiba lini? Hapo kujumlisha na kutoa kutakuwa na maana kwao, na ujuzi huo utafika nyumbani bila mwalimu kutoka darasani.

Hata hivyo, hapana budi tuwe na hadhari. Mwalimu atumie mfano wa kubuni. Asimtake mtoto aseme mbele ya wenzake mama yake amepata ngapi. Tena asimsifu mtoto anayekosa masomo kwa ajili ya kuuza, bali amwite mzazi wazungumze kwa heshima. Mtoto huyo akimaliza shule bila kujua kuweka hesabu, atarithi beseni lile lile, pamoja na hasara zake.