Pochi Inapoonyesha Sifuri

Wiki hii tunajibu swali la mama mmoja wa Nyamirambo, ambaye mumewe ni askari aliyeko Sudani Kusini katika jeshi la Umoja wa Mataifa la kulinda amani. Mume aliacha nyumbani kifaa kidogo mfano wa flashi, chenye kioo na vitufe viwili, pamoja na karatasi iliyoandikwa maneno 24 ya Kiingereza. Kwa maelezo yake, humo imo akiba ya bitkoini itakayolipa karo ya watoto. Mama alipokiunganisha na kompyuta, hesabu ilionyesha sifuri. Sasa yuko kijana mtaani aliyejitolea kuzirudisha fedha hizo, mradi apewe ile karatasi. Je, ampe?

Jibu letu ni fupi: asimpe. Sababu zake ni ndefu kidogo, na yafaa zijulikane katika kila nyumba yenye kifaa cha namna hiyo.

Kwanza ieleweke kwamba bitkoini hazikai ndani ya kifaa. Tangu sarafu hiyo ilipoanza Januari 2009, kila malipo yake huandikwa katika daftari moja la hesabu, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na yeyote aweza kulisoma. Kifaa, ambacho wenye biashara hiyo hukiita pochi, huhifadhi ufunguo tu. Yaani siri inayomwezesha mwenye mali kuamuru fedha zake zihamie kwa mwingine. Kwa hiyo kifaa kikivunjika, kikiibiwa au kikizama katika mto Nyabarongo, mali bado ipo. Mwenye yale maneno 24, kwa mpangilio wake, atanunua kifaa kingine, atayaingiza, na ufunguo utapatikana upya. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mwizi ayapataye maneno hahitaji kifaa wala namba ya siri. Kumpa mtu karatasi ni kumpa fedha zenyewe.

Basi mbona sifuri? Aghalabu sababu ni mojawapo ya hizi nne.

Ya kwanza ni programu ya kompyuta. Pochi moja hubeba akaunti nyingi, na bitkoini zina aina kadhaa za anwani. Programu ikitazama akaunti isiyo yenyewe, au ikiwa ya zamani na haijasoma daftari hadi mwisho, huona patupu. Dawa ni kuipata programu mpya kwa mtengenezaji mwenyewe, kisha kuongeza akaunti moja baada ya nyingine.

Ya pili ni neno la ziada. Baadhi ya watu huongeza neno lao la siri juu ya yale 24, wala hawaliandiki katika karatasi ile. Hapa kifaa hakisemi kwamba umekosea. Kila neno utakaloingiza, hata ukikosea herufi moja tu, hufungua pochi nyingine iliyo halali lakini tupu. Askari aliyezoea kutunza siri yawezekana alifanya hivyo bila ya kumweleza mkewe.

Ya tatu ni kifaa kilichojifuta. Pochi ya Ledger hujifuta namba ya siri ikikosewa mara 3. Ya Trezor, baada ya makosa mengi zaidi. Mtoto akikichezea, kisha mtu akakianzisha kama kipya, kitatoa maneno mengine na pochi tupu. Dawa ni kukifuta tena na kuingiza maneno ya karatasi ya awali.

Ya nne, ambayo hatuiombei, ni kwamba fedha zimekwisha kuondoka. Hili huthibitishwa kwa kulisoma daftari kwa ile anwani ambayo mume alipokelea fedha. Na kuijua anwani hakumpi mtu ufunguo. Fedha zikionekana zipo, tatizo ni mojawapo ya yale matatu. Zikionekana zimetoka, na mume hakuzitoa yeye, apeleke anwani, tarehe na namba ya malipo kwa RIB, idara ya upelelezi iliyoundwa mwaka 2017. Nchi inayo sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Hakuna benki itakayoyafuta malipo hayo. Hata hivyo, fedha zikiwa zimefikia kampuni ya kubadilisha sarafu inayowajua wateja wake, wapelelezi waweza kuomba zizuiwe.

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna mafundi wa kweli? Wapo. Mwaka 2022 Joe Grand wa Marekani alionyesha jinsi alivyoifungua Trezor ya zamani ya mtu aliyesahau namba ya siri, akaokoa sarafu za thamani ya takriban dola milioni 2. Lakini Grand alishughulika na kifaa, wala hakuomba maneno. Kwani maneno yangekuwapo, fundi asingehitajika. Basi akuombaye maneno hana ufundi wowote wa kukuuzia. Mwaka 2020 orodha ya wateja wa Ledger iliibwa na kutangazwa. Mwaka uliofuata baadhi yao wakaletewa kwa posta vifaa vya bandia, pamoja na barua ya kuwataka waingize maneno yao. Lengo la wezi lilikuwa lile lile.

Jambo moja linatuhusu sisi wasema Kiswahili. Maneno hayo huchaguliwa katika orodha ya maneno 2,048 iliyotolewa mwaka 2013. Zipo orodha rasmi za lugha kadhaa, ila ya Kiswahili haimo. Wengi wetu hunakili maneno ya Kiingereza tusiyoyajua, na hati mbaya huleta msiba. Katika orodha ya Kiingereza, herufi 4 za mwanzo zatosha kulitambua kila neno. Basi ziandikwe wazi kuliko zote. Neno moja likifutika, kompyuta isiyounganishwa na intaneti yaweza kuyajaribu yote 2,048. Yakifutika mengi, hakuna wa kuyarudisha.

Hatuandiki haya ili kumshawishi mtu anunue sarafu hizi. Thamani yake hupanda na kushuka ghafula, na Benki Kuu ya Rwanda imewatahadharisha wananchi juu yake. Lakini aliyekwisha kuzinunua, hasa askari au polisi aitwaye mbali na nyumbani, ana wajibu kwa jamaa yake. Kabla ya kuondoka na aandike nakala mbili za maneno, aziweke mahali pawili. Kama liko neno la ziada, liwe katika bahasha ya peke yake. Aandike pia jina la kifaa, akaunti zilizotumika na anwani ya kupokelea. Mke aonyeshwe kila kitu kilipo. Maneno yasipigwe picha, wala yasitumwe kwa simu hata baina ya mume na mke. Aliyesahau kuyaeleza na asubiri likizo, kwani sarafu hizi hazioti kutu.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la bitkoini lipo, na dunia nzima yalisoma. La nyumbani ndilo lisiloandikwa. Liandikeni wawili, mume na mke, kabla ya safari.