Seva ya zahanati si mahali pa majaribio

Ndugu zangu, tunapochangia kompyuta za zahanati nyumbani, ubishi huwa ni wa mashine tu. Mimi muuguzi nauliza: ndani mnaweka nini, na nani ataiangalia mwaka wa nne?

Wengi waliweka CentOS 8 wakitegemea matengenezo hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat wakatangaza kwamba mwisho ni Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ikayeyuka hivi hivi! Wenye mafundi wa mshahara walihamia AlmaLinux au Rocky. Zahanati yenye fundi wa kubahatisha je?

Ndiyo maana nasimama na Debian. Haimilikiwi na kampuni, inaendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1993, na kila toleo hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5 hivi. Programu zake ni za zamani kidogo, sawa, lakini anayetafuta faili la mgonjwa saa nane usiku anataka lifunguke tu. Ubuntu LTS nayo yafaa, hasa kama kijana wa pale ameizoea. Ujuzi wake unazidi mapenzi yangu. Fedora bakini nayo kwenye laptop zenu, toleo lake hudumu miezi 13 tu.

Na jamani, Linux ni ya bure, diski ya nakala si ya bure. Iingizeni kwenye mchango.