Lailatul-Kadri Isiishie Ramadhani

Kila mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani liingiapo, misikiti ya Afrika Mashariki hufurika waumini hadi usiku wa manane. Wengi huielekeza mioyo yao kwenye usiku wa ishirini na saba, wakitaraji kuipata Lailatul-Kadri, usiku ambao Sura ya 97 ya Kurani yautaja kuwa bora kuliko miezi elfu, yaani zaidi ya miaka 83. Idi ikishapita, safu hizo hupungua, na wengi hawasimami tena usiku mpaka mwaka ufuatao.

Jambo hili lafaa litafakariwe hasa na walimu na wanafunzi, kwa kuwa wao ndio wajuao vyema tofauti iliyopo baina ya kusoma kila siku na kukesha siku moja kabla ya mtihani.

Yupo atakayeuliza: ikiwa usiku mmoja wazidi miezi elfu, kuna haja gani ya kujisumbua na nyingine? Jibu limo katika namna usiku huo ulivyofichwa. Waumini waliagizwa wautafute katika kumi la mwisho, hususan siku za witiri, bila ya kupewa tarehe. Kilichofichwa hupatikana na mwenye mazoea ya kutafuta. Mapokezi ya Bukhari nayo yaeleza kwamba amali impendezayo Mungu zaidi ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Bandu bandu huisha gogo.

Tuchukue mfano wa Ngoliba, mashariki ya Thika. Huko Waislamu ni wachache miongoni mwa majirani Wakristo, na mwanafunzi aweza kuwa Mwislamu wa pekee katika bweni zima. Swala ya usiku haihitaji umati wala kipaza sauti. Tena mahali palipo kama digrii moja tu kusini ya Ikweta, usiku haubadiliki sana. Thuluthi yake ya mwisho huanza baina ya saa saba na saa nane mwaka mzima.

Hatusemi mwanafunzi akeshe kisha asinzie darasani, wala mwalimu aache kusahihisha madaftari. Sura ya Muzzammil, iliyoamrisha kisimamo cha usiku, mwishoni ilikipunguza kwa kuwajali wagonjwa na wasafiri watafutao riziki. Rakaa mbili na witiri kabla ya kulala zatosha kuwa mwanzo.

Lakini kipimo cha ibada hiyo ki mchana. Mwalimu aliyemnong'oneza Mola wake usiku hana budi kuingia darasani na maandalio kamili, wala asimdhalilishe mtoto aliye mzito wa kuelewa. Mwanafunzi aliyesujudu gizani, asikoonwa ila na Mungu, asiitazame karatasi ya jirani kwa kuwa tu msimamizi amegeuka. Taifa hili lilishuhudia aibu ya udanganyifu katika mitihani ya mwaka 2015, hata bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa mwaka 2016. Ulinzi wa karatasi uliimarishwa, lakini hakuna askari awezaye kuilinda nia ya mtu.

Basi walimu wa madrasa na wa shule wawazoeze vijana kiasi kidogo watakachoweza kukidumisha. Na waanze katika Shawwal, mwezi ufuatao Ramadhani, wakati mazoea yangali mabichi.