Nchi Kubwa Haina Desemba Moja

Kila mwaka, Novemba ikifika katikati, Dodoma hushikwa na homa ya kuondoka. Ofisini, kwenye daladala, kibandani kwa mama lishe, swali ni moja: "Unaenda wapi?" Hakuna anayeuliza "lini," maana lini ilishaamuliwa kitambo. Ni Desemba. Mwaka jana kampuni moja ya utalii ilinitumia kwenye simu tangazo la "ofa ya majira ya baridi." Pembeni ya picha theluji ilikuwa inadondoka. Nje, bati la chumba ninachopanga lilikuwa linalia kwa joto.

Nina ugomvi na Desemba hiyo. Krismasi siigusi, anayekwenda kanisani na kuchinja mbuzi na ukoo wake ana haki yake. Ninachogombana nacho ni mazoea ya kuipangia nchi yenye kilomita za mraba zipatazo 945,000 likizo moja, ya tarehe moja, kana kwamba jua na mvua vinafuata mihuri ya ofisi za serikali.

Majira ya baridi ya nchi hii yana jina. Yanaitwa kipupwe, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wake kila mwaka: Juni, Julai na Agosti. Ndiyo miezi ambayo asubuhi ya Makete huamka na sakitu juu ya majani, na pwani inapumua kwa sababu kusi inavuma. Hapa uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, bodaboda anavaa koti zito na kofia ya sufu kabla hajavaa ya chuma. Nasi, katikati ya baridi hiyo, hatuna mpango wowote. Tunasubiri Desemba, tukimbilie Dar es Salaam wakati joto lake linapanda kuelekea kileleni.

Mtu ataniambia: shida iko wapi, watu si wanafurahi? Shida ipo, na anayeilipia haonekani kwenye picha za likizo.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza takriban Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima wastani wake hauvuki sana milimita 600. Mkulima wa Ugogo akiikosa mvua ya kwanza, hana vuli wala masika ya kumfuta machozi. Kwa hiyo Desemba kwake ndipo jembe halilali. Anapanda uwele, mtama, karanga, alizeti. Januari anapalilia. Na miezi hiyohiyo ndiyo ghala limebaki vumbi, kwa sababu mavuno ya mwisho yalikuwa Mei na Juni. Kazi ni nyingi kuliko wakati wowote na chakula ni kidogo kuliko wakati wowote.

Hapo ndipo sisi wa mjini tunaposhuka na mabegi.

Bibi yangu anaishi kijiji kimoja wilayani Chamwino. Wajomba na watoto wao huja kutoka Dar es Salaam tarehe 22 au 23 Desemba, watu tisa au kumi. Bibi anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi shamba kabla jua halijakaza, anarudi saa nne kuwapikia wageni wanaoamka saa tatu. Unga anaununua dukani, kwa bei ya msimu wa njaa, kwa sababu hawezi kumwambia mwanawe kwamba ghala ni tupu. Heshima haimruhusu. Binamu zangu wadogo wanarudi mjini wakisema kwa bibi kunachosha, bibi mwenyewe hana muda wa hadithi, na mboga ni mlenda kila siku. Hawajawahi kumwona Julai. Julai bibi huyohuyo anakaa kwenye kigoda uani, karanga mpya ziko kwenye ungo, uwele umejaa, jirani kaja na zeze lake, na hadithi huanza magharibi zikaisha watoto wamelala juu ya mkeka.

Wazee walilijua hili. Jando, ngoma, harusi na ziara za ukweni ziliwekwa baada ya mavuno, kiangazi, wakati kuna chakula cha kumpa mgeni na muda wa kumsikiliza. Huo ulikuwa mpango wa likizo, uliotungwa na watu waliosoma mawingu. Sisi wenye vyeti tumeuacha, tukashika kalenda ambayo wenyewe kwao inaangukia wakati mashamba yamelala chini ya theluji. Kule Ulaya, mkulima anayepokea wageni Desemba hana anachopalilia.

Sisemi basi wote tuhamie Julai. Huko kungekuwa kubadilisha jina la kosa. Nchi kubwa inadai upange kwa kuuliza kila mahali kivyake. Unataka kuona maua ya Kitulo, ile Bustani ya Mungu? Nenda wakati wa mvua, kwani kipupwe utakuta nyasi na baridi. Unataka nyumbu wakizaa kusini mwa Serengeti? Ni Januari na Februari. Ukiwataka wakivuka Mto Mara, ngoja Julai na kuendelea. Unaogopa jahazi likirukaruka? Usiende visiwani kusi ikiwa kali. Hata Dodoma hii mnayoiita jangwa, ukitaka kuiona ya kijani, ndiyo Januari na Februari, wakati wengi wenu mmetoka kuikimbia. Na michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko palepale mwaka mzima. Ila njia za vumbi hupitika vizuri mvua zikikoma.

Najua jibu linalokuja, na ni jibu la haki: mfanyakazi hachagui. Sheria inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini Juni mtumishi wa Dodoma yuko kwenye Bunge la Bajeti na kufunga mwaka wa fedha tarehe 30. Likizo ya katikati ya mwaka ya shule inamkuta mezani. Yeye anapopumua Julai, watoto wamerudi darasani. Inabaki Desemba.

Sawa. Basi tuseme wazi kwamba kinachotufunga ni ratiba, na ratiba huandikwa na watu. Ufaransa, nchi ndogo kuliko yetu, imegawanya shule zake katika kanda tatu ili likizo ya majira ya baridi ipishane, watu wasijazane milimani wiki moja. Sisi tuna sababu nzito kuliko msongamano. Wataalamu wetu wa hali ya hewa tayari wanaigawa nchi: huku mikoa ya mvua mbili, huku mikoa ya mvua moja. Kwa nini mihula ya Dodoma, Singida na Tabora ifuate saa ileile na Kagera? Likizo ya kanda ya kati isogezwe wiki tatu tu, iingie Julai, na mtumishi anayefunga bajeti apate kumpeleka mtoto wake kwa bibi wakati ghala limejaa.

Hadi hilo litimie, kila mmoja ana uamuzi mdogo mkononi. Sikukuu za Saba Saba na Nane Nane zipo kila mwaka katikati ya kipupwe. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, inafika kwa saa zisizotimia nne. Anayesema Julai haiwezekani kwa siku tatu, aseme tu hataki.

Na kama lazima uje Desemba, njoo na gunia la unga, na jembe. Lakini kabla hujauliza nauli, mpigie simu unayemwendea. Muulize mvua imenyesha lini na ghalani kumebaki nini. Asipokujibu vizuri, ujue amekujibu.