Nusu faili si hasara, hasara ni uchoyo

Wapo wanaodai kwamba faili iliyopakuliwa nusu ni takataka mtandaoni. Dai hilo lilikuwa na mashiko enzi za Napster, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kufungwa mwaka 2001. Wimbo uliokatikia njiani ulibaki katika kompyuta ya aliyeupakua, na wengine wakaunakili wakidhani ni mzima. Kasoro ya mmoja ikawa ya wengi.

Mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alibuni BitTorrent, na mambo yakageuka. Faili hugawanywa vipande, na kila kipande huwa na alama ya kukihakiki, kilichoharibika hutupwa. Aliye na kipande kimoja tu huweza kumgawia mwenzake papo hapo, na programu hutanguliza vipande vilivyo adimu. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatizo, basi, si upungufu wa faili bali uchoyo wa aliyekwisha kuikamilisha. Anapojiondoa mara tu apatapo, huenda akaondoka na kipande ambacho hakuna mwingine aliye nacho. Hapo hata watu mia wenye asilimia 99 ya faili watakwama, hadi mwenye faili nzima arejee.

Walimu na wanafunzi tunaopokezana vitabu huria kwa njia hii tuna wajibu: tukisha kupata, tuwagawie wengine angalau kiasi tulichopokea. Kutoa ni moyo, si utajiri. Elimu yenyewe haijamfikia yeyote ikiwa kamili. Tuliipokea kwa vipande, na kwa vipande hatuna budi kuipokeza.