Mtu wa Nani?

Zamani za utumwa, katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, neno "mtu" lilikuwa na maana mbili. Maana ya kwanza ni ile ijulikanayo na wote. Maana ya pili ilikuwa ya umilikaji: ukisikia kwamba yule ni mtu wa fulani, ulifahamu kuwa ni mtumwa wake, au angaa mfuasi aliye chini ya mkono wake. Tena palikuwa na vyeo. Aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga. Aliyezaliwa nyumbani mwa bwana aliitwa mzalia. Aliyekimbia aliitwa mtoro. Juu yao wote alikaa mwungwana. Hata leo mtu akisifiwa kwa uungwana husifiwa kwa adabu zake, na ni wachache wakumbukao kwamba neno hilo lilimtenga kwanza mtu huru na mtumwa.

Imani ya Kikristo ina jibu lake kwa swali la mtu ni wa nani. Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, wala hakitaji kabila, wala cheo, wala rangi. Basi mtu ni wa Mungu kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote. Kulisema neno hilo ni rahisi. Wareno walioanza kuijenga Ngome ya Yesu katika mwaka 1593 walilijua, kwani walikuwa Wakristo, na ngome yao wakaipa jina la Mwokozi. Nao walikuwa na watumwa.

Biblia yenyewe haifichi kwamba watu wana tabia ya kutiana bei. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Sheria ya Musa iliamuru kwamba ng'ombe akimpiga mtumwa kwa pembe hata akafa, mwenye ng'ombe amlipe bwana wa mtumwa shekeli 30 za fedha. Na Yuda, alipomtoa Bwana wake, alipewa vipande 30. Msomaji aliyezoea vitabu vya hesabu na ailinganishe mistari hiyo miwili: Kristo aliuzwa kwa bei ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe.

Mmisionari Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha C.M.S. cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosina alikufa pamoja na mtoto wao mchanga, akazikwa bara, ng'ambo ya maji kuelekea Nyali. Mwaka 1846 alipata mwenziwe, Johannes Rebmann, nao wakahamia Rabai. Krapf alikuwa na ndoto kubwa: mlolongo wa misheni toka pwani ya mashariki ya Afrika hata pwani ya magharibi. Lakini miaka ilipita bila mavuno. Wa kwanza kubatizwa hakuwa mzee wa kaya, wala tajiri, wala mwana wa liwali. Alikuwa kiwete, jina lake Mringe, naye alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Kwa mtu anayepaswa kupeleka taarifa London hilo lilikuwa fungu dogo mno. Kwa mtu anayeiamini ile sura ya kwanza ya Mwanzo, lilikuwa ni kanisa zima.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Waliookolewa majahazini walihitaji mahali pa kukaa, na katika miaka ya 1874 na 1875 mmisionari William Price akaanzisha kijiji cha Frere Town, upande wa bara, mkabala wa Kisiwa. Huko watu waliotolewa katika matumbo ya majahazi walipewa mashamba, shule na kanisa. Kwao sheria ilikuwa wazi, kwa kuwa aliyewasafirisha alikuwa amevunja mkataba.

Ugumu ulikuwa kwa watoro. Mkataba ulikomesha biashara. Utumwa wenyewe haukuukomesha. Mtu aliyemkimbia bwana wake Mombasa akaenda Rabai alihesabiwa bado kuwa ni mali ya bwana, na Balozi wa Kiingereza aliyekaa Unguja aliwaonya wamisionari zaidi ya mara moja wasimpokee. Baadhi yao walitii. Lakini Rabai palikuwa na William Jones, naye alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akaokolewa na Waingereza, akasomeshwa Nasik katika Bara Hindi, kisha akarudishwa Afrika mwaka 1864. Mtu kama huyo angemfukuzaje mtoro mlangoni?

Ilipofika mwaka 1888, Waarabu na Waswahili wenye watumwa walikuwa wamechoka kungoja, na fujo ilikuwa karibu. Isisahauliwe kwamba wengi wao walikuwa watu wa dini, na Uislamu nao hufundisha kwamba kumwacha mtumwa huru ni jambo la thawabu. Walilolilalamikia ni kunyang'anywa pasipo kuulizwa. George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki akafanya shauri nao. Fedha zikachangwa na Kampuni, na Serikali ya Uingereza, na rafiki za misheni, jumla yake yapata pauni 3,500. Watoro walikuwa zaidi ya 1,400. Karani yeyote aweza kugawanya: kila mmoja hakufikia pauni mbili na nusu. Siku ya kwanza ya Januari 1889, huko Rabai, watu hao walipewa hati zao za uhuru.

Je, ilikuwa haki kulipa? Yuko atakayesema kwamba kumlipa mwizi ni kukiri kwamba kitu ni chake. Neno hilo lina nguvu. Hata hivyo Mtume Paulo alikabiliwa na jambo hilo hilo. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, naye akamwacha bwana wake akamfikia Paulo kifungoni. Paulo alimrudisha kwa barua, akamwomba Filemoni ampokee kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa tena; na kama kuna deni, yeye Paulo atalilipa. Hakusema kwamba Onesimo ni deni. Alisema deni, kama liko, lisisimame kati ya ndugu wawili. Pauni zile za Rabai zaweza kufahamiwa hivyo, nazo ni afadhali kuliko damu. Lakini katika barua ya Paulo aliyepewa kazi ngumu ni bwana, ambaye hana budi kukaa meza moja na mtu aliyekuwa wake.

Kazi hiyo iliwashinda hata baadhi ya waliotoa fedha. Jones alifanywa shemasi mwaka 1885, akafuatana na Askofu Hannington katika safari ya kwenda Uganda. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia, wakaingia Rabai mapema mwaka 1886, wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa "Ikabodi", yaani utukufu umeondoka. Kanisa kuu la Ukumbusho lililojengwa Kisiwani kati ya 1903 na 1905 linamkumbuka Hannington pamoja na wenziwe. Naye Jones, katika miaka ya 1890, aliacha kazi ya misheni kwa ajili ya ujira na heshima waliyopewa watumishi Waafrika. Hati ya uhuru alikuwa hana haja nayo. Alilolitaka ni lile la Filemoni.

Mwaka 1907 sheria iliufuta utumwa katika pwani yote ya Kenya. Fidia iliwekwa, nayo ilikuwa ya mabwana. Ukivuka leo daraja la Nyali kutoka Kisiwani utaufikia mnara wa kengele ya Frere Town, ambayo yasemekana ilipigwa kuwaonya watu kila wakamataji walipokaribia. Na utingo wa matatu huliita jina la mahali pale kutwa nzima, Kengeleni, Kengeleni, kwa yeyote mwenye nauli.