"Nitarekebisha kwa Skani" Ndiyo Inaharibu Ngozi Zetu

Wasee wa filamu, tuongee ukweli. Kila wikendi naona picha za sherehe za usiku: watu weusi wamegeuka rangi ya chungwa, na vivuli vya uso vimekuwa tope. Ukiuliza, jibu ni moja: "Hiyo ndiyo ladha ya filamu, buda." Zii. Hiyo ni filamu ya mchana iliyopigwa kwa mwanga wa balbu.

Filamu nyingi za rangi, kama Kodak Gold 200 na Portra 400, zimetengenezewa mwanga wa mchana, karibu Kelvin 5500. Balbu ya waya, ile ya njano, iko karibu 2800. Mwanga wake umejaa nyekundu, buluu ni kidogo sana. Na filamu ina matabaka ya buluu, kijani na nyekundu. Tabaka la buluu likikosa mwanga, halina kitu cha kukupa. Skana hairudishi kile ambacho hakikuingia. Ukivuta buluu kwa kompyuta, unavuta chengachenga tu.

Sasa nani anaumia kwanza? Sisi. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo, kwa hivyo ndiyo hukosa buluu mapema. Kwa miaka mingi maabara zilipimia rangi kwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Hilo si kosa letu. Lakini kupiga watu wetu bila hata kuangalia taa, hilo ni juu yetu.

Dawa iko: filta ya 80A, kioo cha buluu unachofunga mbele ya lenzi. Inazuia nyekundu iliyozidi ili matabaka yote yapate mgao. Imepimwa kwa taa za Kelvin 3200, kwa hivyo kwa balbu ya nyumbani unabaki na unjano kidogo, na hiyo ni poa. Ila angalia taa kwanza: LED nyeupe haihitaji 80A. Na kama umeweka filamu ya taa kama CineStill 800T halafu unatoka nje mchana, hapo ni 85B, ile ya chungwa.

Najua mtasema, "80A inakula stopu mbili!" Kweli. Filamu ya 400 inakuwa kama 100, na usiku hiyo inauma. Lakini piga hesabu: bila filta, ili buluu ijae, bado lazima uongeze mwanga mwingi. Kwa negativu njia hiyo inafanya kazi, na hapo sitagombana na wewe. Kwa slaidi haifanyi, nyekundu itaungua. Vyovyote vile, deni la mwanga lazima lilipwe. Anayekwepa kulipa ndiye huyo wa "nitarekebisha kwa skani."

Kwa hivyo lipa mapema. Fungua lenzi, tumia tripodi ama egemea ukuta, msogeze mtu karibu na taa. Kama unataka chungwa, sawa, lichague kwa makusudi. Lakini shosho akikaa chini ya balbu akutazame, anastahili kutoka na rangi yake mwenyewe. Usimpake tope halafu usingizie filamu.